Mzee wa Mfumo na Wageni Wake

Mzee wa Mfumo hakuwahi kwenda harusini bila kiti chake. Kilikuwa cha kukunja, cha mbao na turubai, naye alikibeba begani kama mtu anayerudi shambani na jembe, akapita nacho mbele ya safu zote za viti vya plastiki vilivyopangwa chini ya hema, akakifungua mahali alipopapenda. Wenye shughuli walikuwa wamekwisha kumzoea. Mgeni kutoka mbali alipouliza kulikoni, yeye mwenyewe alimjibu, kwa utaratibu, kwamba viti vya watu hakuvidharau. Ila kiti cha plastiki huficha ufa wake mpaka siku ya kuutumia, na yeye hakupenda siku hiyo iwe yake.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wapo watakaoyaeleza kwa usahihi kuliko mimi. Mimi nilimjua kazini. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa chama kikuu kimoja cha ushirika wa kahawa hapa Mbinga, na huo mfumo uliompa jina ni programu aliyoiandika mwenyewe, ya kupima na kupokea kahawa ya wanachama vijijini. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya jirani. Chama kiliniita nisahihishe maneno ambayo programu ingewaambia watu. Nilidhani ni kazi ya likizo moja. Ikawa kazi ya miaka.

Ili mtu huyu aeleweke, yafaa kwanza kueleza jambo moja la ufundi wake. Anayeandika programu haandiki kila kitu. Kuna vipande vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, huku na huko duniani, wakavitoa bure: hiki cha kupanga tarehe, hiki cha kuzungumza na mizani, hiki cha kuchapa risiti. Vipande hivyo huitwa maktaba. Desturi ya wengi ni kutaja jina la maktaba tu, na kila programu inapojengwa, kompyuta huenda yenyewe mtandaoni ikaichukua. Mzee wa Mfumo hakufanya hivyo. Yeye aliuchukua msimbo wote wa maktaba, yaani maandishi yake ya ndani, herufi kwa herufi, akauweka ndani ya programu yake, katika folda aliyoiita "wageni", na programu ikajengwa kutoka humo humo bila kumuuliza mtu yeyote wa nje.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtandao wa Mbinga na mvua ya Mbinga havikai chumba kimoja. Ya pili ilimpata mwanzoni mwa kazi yake, pale mtu mmoja wa nchi ya mbali alipogombana na wenzake, akaiondoa mtandaoni maktaba yake ndogo ya kupanga tarehe, na asubuhi hiyo programu ya chama ikakataa kujengwa. "Mwalimu," aliniambia alipokuwa akinisimulia, "mtu amegombana huko kwao, sisi tunakosa tarehe huku kwetu. Hiyo ni haki?"

Nilikiri kwamba si haki.

Tangu hapo hakuna maktaba iliyoingia bila kukaguliwa. Ililetwa kwanza katika folda nyingine iliyoitwa "baraza", ikakaa humo huku yeye akiichapa kwenye karatasi zilizotumika upande mmoja na kuisoma kwa penseli mkononi, kama ninavyosahihisha insha. Alianza na hati ya ruhusa ya mwenye maktaba, ambayo wenzake wote huiruka. Nyingi za hati hizo husema kwamba programu inatolewa bila dhamana ya aina yoyote, na yeye alilipenda sana tamko hilo. Alinisomea kwa sauti siku moja, akavua miwani. "Huyu muungwana," akasema. "Amesimama mlangoni akaniambia kabisa kwamba anaweza kuniunguzia nyumba. Wangapi wanakuambia?"

Maktaba moja tu nakumbuka aliifukuza barazani kwa hasira. Alitaka kuchora jani la kahawa juu ya risiti, akaleta maktaba ya michoro. Maktaba hiyo ikasema haiwezi kuja bila nyingine, na hiyo nyingine bila nyingine, mpaka baraza likajaa. Alinionyesha skrini, akasema: "Nimemwalika mtu mmoja chakula, ameleta shemeji." Akazifuta zote na jani akalichora mwenyewe kwa nukta. Likatoka kama samaki. Viongozi wa chama walimwomba alirekebishe. Alikataa kwa maelezo kwamba jani hilo angalau anamjua baba yake. Baadaye wavuvi wa Lituhi walipoomba kuitumia programu ile ile kupimia usipa, dagaa wa ziwani, walisifu risiti kwamba ina picha nzuri.

Kwa kuwa programu nzima ilijengwa na wageni wake wote kutoka mwanzo, kompyuta ya ofisi ilichukua muda mrefu kuimaliza. Alibonyeza kitufe, akabandika maji ya chai, akaenda kusalimia chumba kimoja hadi kingine, akarudi, akanywa chai, na kazi bado. Katika baridi ya Juni, mashine ile ilipopata moto, makarani walijikuta wana mambo mengi ya kumwuliza, na wote waliuliza wakiwa wamenyoosha viganja nyuma yake.

Mtu akidhani kwamba alikuwa bahili au mchoyo, atakosea. Alichokibeba kwa ajili yake mwenyewe alikigawa kwa kila aliyekosa. Kiti kile cha harusini mara nyingi kilikaliwa na bibi aliyechelewa, naye akasimama. Tena alikuwa na pengo moja katika uzio wake ambalo sikupata kulielewa: mtu aliyebeba chumvi yake na maji yake hakuwahi kumiliki mwavuli, katika mji kama huu. Mvua ilipoanza, alikimbilia kibaraza cha duka la Bi. Mwanahawa, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Kilwa, na ambaye hakumkaribisha hata siku moja bila kumchoma.

"Karibu, Mzee. Leo hukuja na paa lako?"

"Paa la kubeba linamtegemea mshikaji. La kwako limepigiliwa."

"Na siku ya kufa? Utakuja na kaburi lako?"

"Mchimbaji nimeshampata," alisema. "Udongo ndio sijaukagua."

Bi. Mwanahawa aliniambia baadaye kwamba alikuwa na duka zima la miavuli, na kwamba kwa mtu huyu hakuwa na haraka ya kuiuza.

Wajumbe wa bodi ya chama, wakulima watupu, walimwita safari moja awaeleze kwa nini mfumo unahitaji kubeba msimbo wa watu. Aliwajibu kwa ngolo, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko, nyasi zikalazwa kwanza kwa mistari inayokatana na udongo ukafukiwa juu yake. Nyasi za ngolo, alisema, hamwendi kuziazima kwa jirani kila mnapotaka kupanda. Mnazikata, mnazilaza, mnazifukia palepale, na hapo zimekuwa shamba lenu. Msimbo nao ni hivyo. Bodi iliridhika, isipokuwa mjumbe mmoja mama kutoka Mbuji, aliyenyoosha mkono akasema kwamba ngolo hazikai hivyo milele. Baada ya mavuno hufumuliwa, palipokuwa tuta pakawa shimo, na nyasi mpya zikalazwa, la sivyo shamba hufa. Mzee wa Mfumo alifikiri kidogo, akajibu kwamba hilo ni suala la kilimo.

Wageni waliokaa, aliwapa kazi. Sikuwahi kuona mtu aliyeitii methali ya kumpa mgeni jembe kwa uaminifu kama wake. Maktaba ikishaingia ndani, aliikata hapa, akaiongeza pale, mpaka ifanane na mahitaji ya vijiji kama Mkumbi na Mbuji. Sababu za marekebisho hayo hakuziandika popote, kwa kuwa alizijua. Badiliko lake kubwa kuliko yote lilihusu mizani, na hilo ndilo lililotugombanisha mimi na yeye.

Maktaba ya mizani iliandikwa na mtu wa Ulaya, kwa ajili ya ghala ambamo mzigo huwekwa na mashine. Husubiri namba itulie, ndipo huipokea. Lakini kwetu gunia huning'inizwa kwenye ndoana ya mizani katika ghala la kijiji, na mwenye gunia hulishika. Halisukumi wala halivuti. Ameliwekea kiganja tu, kwa heshima, macho yake kwenye namba. Ndivyo walivyofanya wazazi wake. Namba basi haitulii kamwe. Mzee wa Mfumo alimfundisha mgeni wake kuutambua mtikisiko mdogo wa mkono wa binadamu, na kutoa onyo.

Onyo hilo lilikuwa langu kuandika. Niliandika: "Mwenye gunia anaombwa kwa heshima auondoe mkono wake ili kipimo kikamilike." Alilisoma, akasema ni sentensi nzuri sana, na kwamba mtu atakapoimaliza kahawa itakuwa imeota. Yeye alitaka "Toa mkono." Nilimweleza kuwa amri tupu mbele ya mtu mzima ni ukosefu wa adabu. Akasema mashine haina adabu, na watu wataisamehe mashine kuliko watakavyomsamehe karani. Tulibishana mpaka mimi nikapata "Tafadhali, toa mkono," na kwa muda nikajiona mshindi. Ikawekewa na sauti. Katika mwaka mmoja maneno hayo yalikuwa mali ya umma. Akina mama waliwaambia watoto waliokaribia sufuria, na nilimsikia mzee mmoja wa kanisa akimwambia mwenzake aliyekawia juu ya kapu la sadaka. Lile "tafadhali" hakuna aliyelikumbuka.

Alipostaafu, chama kiliikabidhi ofisi yake kwa Edina, binti mhitimu aliyetoka Tabora, mwepesi wa kazi na wa maneno. Kwenye chai ya kumuaga, Mzee wa Mfumo alisimama mbele ya kiti chake mwenyewe akamwambia, mbele yetu sote, kwamba alikuwa na ombi moja tu.

"Mwanangu, mfumo ni wako. Wageni wangu usiwafukuze."

"Siwafukuzi, Mzee. Nitawafungulia mlango tu."

Tulicheka. Yeye hakucheka, na kesho yake alishuka Lituhi, ziwani, akaiwasha simu yake pale tu alipotaka yeye kupiga.

Edina hakuwa na ubaya, na sababu zake zilikuwa nzito. Kujenga programu kulikuwa kunamlia nusu ya siku. Tena kule Mkumbi programu ilikuwa ikiganda kila waya wa mizani ulipochomoka, mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya; na waya huchomoka kila mtu anapojikwaa. Katika nakala ya majaribio aliwatoa wageni, akaielekeza programu kuchukua matoleo mapya ya maktaba zile zile mtandaoni, akaipima ofisini kwa gunia la mchanga. Namba ikatulia mara moja. Kila kitu kikajengwa kabla maji ya chai hayajachemka, na makarani wakabaki na baridi yao.

Kisha tukaenda Mkumbi kuijaribu kabla ya msimu, kwa magunia ya waliovuna mapema, mimi nikiwa nimeitwa kusikiliza maneno. Mama mmoja wa makamo alikuwa wa kwanza. Gunia likaning'inizwa, akaweka kiganja, akatazama namba. Namba ikachezacheza. Tukasubiri. Programu, ambayo sasa haikujua lolote kuhusu mikono ya watu, nayo ikasubiri.

"Mama, toa mkono," karani akasema.

Yule mama hakumgeukia. "Mashine haijasema."

"Nakwambia mimi."

"Wewe ni nani? Kila mwaka inasema yenyewe. Leo imenyamaza, wewe ndiyo unasema. Kwa nini?"

Waliokuwa nyuma yake wakaunga mkono kwamba ni swali la haki. Edina akapita mbele, akamwamkia, akamweleza kwamba mashine ni ile ile ila imepata maktaba mpya. Mama akamsikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa palepale, akajibu kwamba basi hiyo mpya nayo ifundishwe kusema. Hatukupima gunia hata moja siku ile.

Bodi ikakutana. Ilikuwa na vipeperushi vya kampuni moja ya mjini inayouza mfumo wake uliokamilika, na uamuzi ulikuwa mfupi: kama wa kwetu hautakuwa tayari msimu utakapofunguliwa, utaachwa, ununuliwe huo. Edina alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbovu. Akiwarudisha wageni wa zamani, kuganda kungerudi nao, na bodi ilikuwa imechoka kuganda. Akibaki na maktaba mpya, mkono hautambuliki. Ilimpasa kuyahamisha mabadiliko ya Mzee wa Mfumo kuyaingiza katika maktaba mpya. Lakini msimbo ulikuwa umekatwakatwa sehemu nyingi, bila neno la maelezo, na hakujua lipi ni la mkono, lipi ni la nini.

"Mwalimu," aliniambia, "nikipiga simu haipatikani. Twende."

Tulimkuta nyuma ya nyumba, akigeuza usipa juu ya chanja aliyoijenga mwenyewe, hatua chache kutoka kwenye chanja za jirani zilizokuwa na nafasi tele. Edina akapiga goti kidogo: Shikamoo, Mzee. Akaitikia marahaba, akatunawisha, akatupa samaki na ugali wa muhogo, na hakuuliza lolote kuhusu mfumo mpaka tulipokwisha kula. Edina alimweleza yote bila kujificha, pamoja na habari ya bodi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Akaomba tu miwani yake.

Alisoma msimbo wake wa zamani kwa kidole kwenye skrini ya kompyuta ya Edina, midomo ikicheza. Badiliko la kwanza, akasema, ni la baridi: asubuhi za Juni mizani huanza chini ya sifuri. Edina akaandika. La pili alilitazama muda mrefu, akakunja uso.

"Nani kamfanyia mgeni hivi?"

"Wewe, Mzee."

"Kwa nini?"

"Ndilo tulilokuja kukuuliza."

Alitazama ziwa, akaitazama skrini tena, akasema kwamba kama yeye mwenyewe halijui, litoke. La tatu lilikuwa la mkono, na hilo alilieleza kwa ufasaha hadi Edina akaacha kuandika akawa anasikiliza. Ndipo yule binti, kwa sauti ya chini, akamwambia habari ya waya. Mwenye maktaba alikuwa amekwisha kulitibu tatizo la kuganda, zamani sana. Alitoa toleo jipya muda mfupi baada ya Mzee wa Mfumo kumchukua mgeni wake.

"Baada ya mimi kumchukua?"

"Baada kidogo tu."

"Na hakuniambia."

"Angekuambiaje, Mzee? Hakujua kama unaye."

Jirani alikuwa akiwafukuza kunguru kwenye chanja zake. Mzee wa Mfumo aliziangalia dagaa za mwenzake kana kwamba ndizo zilizosema. "Watu wa Mkumbi wamezima na kuwasha miaka yote hiyo," akasema hatimaye. "Mimi nikawaambia ni umeme."

Edina akamwonyesha barua pepe. Alikuwa amemwandikia mwenye maktaba kumwomba alikubali badiliko la mkono liingie katika maktaba yenyewe, kule kule kwake, ili yeyote atakayeichukua, hata baada yetu sote, alikute limo. Mwenye maktaba alikuwa amejibu kwa swali moja: badiliko ni zuri, lakini kwa nini mtu aushike mzigo unapopimwa? Hakutaka kuingiza asichokielewa.

Mzee wa Mfumo alinigeukia. Kuandika ni kazi yangu, na nilikuwa nimekwisha kuipanga aya kichwani: desturi ya wakulima, historia ya mizani na makarani, imani na ukosefu wake. Nilianza kumsomea.

"Mwalimu, mwandikie kwamba kahawa ni yake."

"Ni hayo tu?"

"Kahawa ni yake, na mizani si yake. Mwandikie hivyo."

Edina akaiandika kwa Kiingereza kama Mzee alivyoitamka, akaenda na simu hadi kwenye mwamba ambao wavuvi wanasema una mtandao. Tulikuwa bado tunakunywa chai aliporudi akiwa anasoma. Mwenye maktaba amekubali, akasema, badiliko litaingia wiki hiyo hiyo. Halafu kuna maneno mengine: kwamba babu yake alikuwa mfugaji, na alipopeleka maziwa kupimwa aliushika mkono wa ndoo mpaka mwisho, na nyumbani walikuwa wakimcheka.

Mzee wa Mfumo akaomba asomewe tena. Akasomewa. Akaivuta kompyuta mapajani, akaifungua folda ya wageni katika nakala ya zamani, akamtafuta yule wa mizani, akamfuta kwa kidole chake mwenyewe.

"Huyu mwache aende," akasema. "Kwao kuna watu."

Edina, kwa upole kabisa, akamwuliza kama na wale wengine basi awafungulie.

"Wengine wakae," alisema, akiifunika kompyuta. "Babu zao hawajanisimulia."